Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: pawatila ipewe nafasi yake kisheria barabarani

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA KANUNI ZA MATUMIZI YA PAWATILA ZENYE TELA KATIKA BARABARA ZA UMMA

Ninakuandikia nikiwa mkulima wa mpunga na mmiliki wa pawatila huku Igurusi, Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Ninaomba Wizara yako, ambayo ndiyo yenye dhamana ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, itunge kanuni zitakazoitambua pawatila inayovuta tela kuwa chombo halali katika barabara za vijijini, kwa masharti yaliyoandikwa yakasomeka, na zitakazotamka wazi ni barabara zipi isithubutu kuzikanyaga. Siombi chombo hiki kifunguliwe njia zote za nchi. Ninaomba mpaka wake ujulikane kwa mkulima na kwa askari, kabla hawajasimamishana barabarani.

Kwa kuwa barua hii itasomwa pia na watu ambao huenda hawajawahi kuishika mashine yenyewe, inafaa nieleze ninachokizungumzia. Pawatila ni trekta la magurudumu mawili, lenye injini ya dizeli ya silinda moja, mara nyingi ya nguvu za farasi kati ya 12 na 16, ambalo mwendeshaji huliongoza kwa kushika mipini miwili mirefu. Likiwa shambani hufungwa rotaveta ya kuvuruga tope majarubani. Kazi ya shamba ikiisha, rotaveta hufunguliwa, tela lenye kiti cha dereva likafungwa mahali pake, na mashine ileile iliyokuwa ikilima asubuhi ikawa chombo cha kusafirisha mzigo jioni. Injini huwashwa kwa kuzungusha hendeli, na mwendo wake ukiwa barabarani hauzidi sana kilomita 15 kwa saa. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa ambao forodha zetu pia huutumia, chombo hiki kimewekwa chini ya namba 8701.10, yaani matrekta ya ekseli moja, wala hakimo katika fungu la pikipiki. Kwa hiyo Serikali inapokipokea bandarini inajua kabisa ni kitu gani. Mashaka huanza kikifika kijijini.

Na kijijini hakikuja chenyewe. Baada ya Kilimo Kwanza, azma ya Serikali ya kuinua kilimo, kuzinduliwa mwaka 2009, halmashauri nyingi zilinunua pawatila na kuzifikisha kwa vikundi vya wakulima kwa lengo la kupunguza utegemezi wa jembe la mkono. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali, na ni haki kusema hivyo: kwenye udongo mgumu na mkavu mashine hizi zilishindwa kulima, na baadhi ziliishia kuegeshwa chini ya miti karibu na ofisi za kata. Katika mabonde ya mpunga, kama hapa Usangu, zilifaa kweli kweli. Hata kule zilikoshindwa kulima, tela halikushindwa kubeba, na ndiyo sababu leo unaweza kuikuta pawatila ikivuta matofali, maji, kuni au magunia ya mahindi mahali ambapo haijawahi kugeuza hata tuta moja la udongo. Serikali ilileta zana ya kilimo, wananchi wakaongeza usafiri juu yake, na sheria ikabaki pale ilipokuwa.

Haikuwa hiari ya wakulima kuipandisha pawatila barabarani. Mpunga wetu huiva katikati ya majaruba, ambako lori haliwezi kufika bila kubomoa matuta au kuzama kwenye mfereji. Bodaboda hubeba gunia moja, mawili kwa ubishi. Mkokoteni wa ng'ombe unafaa kwa mwenye ng'ombe, lakini wengi wetu tunaolima kwa umwagiliaji hatuna malisho ya kuwatunzia. Pawatila yenye tela hutoka na tani moja ya mpunga kutoka kwenye tope lilelile ililolilima, ikapita juu ya tuta, ikavuka mfereji, ikashika njia ya vumbi hadi kijijini. Hadi hapo hakuna mwenye malalamiko. Tatizo ni kwamba mashine za kukoboa na masoko ya mchele hayapo kijijini ndani. Yapo kandokando ya barabara kuu ya TANZAM, pale Chimala na hapa Igurusi, kwa sababu wanunuzi huja na malori yao kwa njia hiyo. Mkulima anayepakia mpunga jarubani hana namna ya kuufikisha mashineni bila kuigusa lami, ama kwa kuivuka ama kwa kuandamana nayo kwa mita mia kadhaa. Lami hiyo ndiyo inayobeba malori ya kwenda Tunduma na kuvuka mpaka, mchana na usiku.

Hapo ndipo sheria inapotuacha, sisi na askari wako. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, wakati chombo hiki kilikuwa hakijaenea vijijini, na inataka kila chombo cha moto kinachotumika barabarani kiwe kimesajiliwa, kiwe na dereva mwenye leseni na kiwe katika hali inayofaa. Ukiisoma kwa ukali, kila pawatila isiyo na namba inapaswa kukamatwa inapotoka tu shambani. Ukiisoma kwa huruma, hii ni zana ya kilimo, na mkulima hawezi kuzuiwa kurudi nyumbani na jembe lake. Mimi mwenyewe nimeelezwa tafsiri zote mbili na askari wawili tofauti katika msimu mmoja, kila mmoja kwa nia njema na kwa kujiamini. Siwalaumu. Mahali ambapo hakuna kanuni iliyoandikwa, kinachobaki ni maelewano ya kando ya barabara, na maelewano hayo hutegemea siku, hali ya hewa na sura ya mtu. Kuna mkulima anayepita kila siku bila kuulizwa, na kuna mwingine anayeacha tela lake kituoni mpaka mpunga wake unaloa. Utaratibu wa namna hiyo haumfundishi mtu yeyote kufunga taa.

Lipo jambo zito zaidi ya usumbufu wetu, nalo ni haki ya yule anayegongwa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha bima ya kumlinda mtu wa tatu, ili mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli anayeumizwa asitegemee mfuko wa aliyemuumiza. Chombo kisicho na usajili hakikatiwi bima. Mama anayegongwa na tela la pawatila akiwa anatoka sokoni hana kampuni ya kuidai. Anamdai jirani yake, ambaye mali yake yote ni pawatila yenyewe na mpunga uliomo ndani ya tela. Kesi za aina hiyo humalizwa kwa mtendaji wa kijiji kwa kupewa gunia mbili au tatu na kuambiwa tusameheane. Wanaosema kwamba kuiruhusu pawatila ni kuhatarisha watu waangalie pia upande huu, kwa sababu watu hao tayari wako hatarini na hawana wa kuwafidia.

Sasa niseme bila kupunguza ni hatari gani hizo, kwani ombi langu halitakuwa na maana kama nitaficha ubaya wa mashine ninayoitetea.

Hatari ya kwanza ni giza. Pawatila nyingi zina taa moja mbele, na matela mengi hayana hata kipande cha kioo cha kuakisi nyuma. Lori linaloruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 22 kila sekunde. Pawatila mbele yake inasogea kama mita nne. Tofauti yao ni mita 18 kwa sekunde. Dereva wa lori akiliona tela lisilo na taa likiwa mita 60 mbele yake, anazo sekunde tatu na kidogo za kushtuka, kuamua na kukanyaga breki akiwa na tani thelathini mgongoni. Hakuna ustadi wa udereva unaoweza kuziba pengo hilo, na hakuna hukumu ya mahakama itakayolirudisha nyuma lori. Chombo chenye mwendo huo hakina kazi barabara kuu usiku, kikiwa na taa au bila taa.

Hatari ya pili watu wasioendesha hawaijui, na hata askari wengi hawaijui. Pawatila haina usukani. Huongozwa kwa klachi mbili ndogo zilizo chini ya mipini, moja kwa kila gurudumu. Mahali pa tambarare, ukibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto linakosa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, na mashine inageuka kushoto kama ulivyotaka. Kwenye mteremko, tela likiwa limebeba mzigo na linaisukuma mashine kutoka nyuma, mambo hugeuka: injini sasa ndiyo inayozuia magurudumu yasikimbie, na ukibana klachi ya kushoto unalifungulia gurudumu la kushoto likimbie, ukajikuta unaelekea kulia. Mwendeshaji mpya anayeingia mteremko bila kuambiwa jambo hili huibana klachi ya upande anaoutaka, mashine ikaenda upande asioutaka, naye kwa hofu akabana zaidi. Hapa bondeni kwetu ni tambarare na kosa hilo huishia kwenye mfereji. Mtu huyohuyo akiamua siku moja kupeleka mzigo kuelekea mjini Mbeya, kwenye miteremko ya Inyala ambako hata malori yenye breki za upepo yamewashinda madereva wazoefu, hatarudi. Kanuni yoyote itakayoruhusu pawatila barabarani bila kumlazimu mwendeshaji kulijua hili itakuwa imeandikwa na watu ambao hawajaishika.

Ya tatu ni breki. Matela mengi yanaundwa na mafundi wetu kwa ekseli za magari chakavu, na kazi yao ya kuchomelea ni nzuri, lakini breki huonekana kuwa gharama ya ziada isiyo ya lazima kwa kuwa mteja hajaiomba na hakuna anayeikagua. Tela lenye tani moja bila breki yake lenyewe humtegemea mwendeshaji, klachi na bahati. Kuhusu magurudumu ya chuma ya kuvurugia tope, sina la kusema zaidi ya kwamba hayana ruhusa ya kugusa lami wala changarawe iliyoshindiliwa, na anayeyapitisha huko alipe uharibifu.

Nimesikia hoja kwamba chombo kilichoundwa kwa ajili ya shamba kibaki shambani, na kwamba hata nchi tajiri haziruhusu mashine za porini barabarani. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu. Zile pikipiki za magurudumu manne za kupita kila mahali hubandikwa onyo na watengenezaji wenyewe kwamba zisiendeshwe katika barabara za umma, kwa kuwa tairi zake laini zenye upepo mdogo haziishiki lami vizuri na kimo chake kirefu huzifanya zipinduke kwenye kona. Pamoja na onyo hilo, Uingereza haikumwacha mkulima njia panda. Pikipiki hiyo ikisajiliwa kama chombo cha kilimo inaweza kupita barabara ya umma kutoka kipande kimoja cha shamba hadi kingine, mradi umbali baina yao usizidi kilomita moja na nusu. Nchini Marekani, jimbo la Michigan mwaka 2008 lilizipa kaunti zake za kaskazini uwezo wa kuruhusu vyombo vya aina hii kupita ukingoni kabisa mwa barabara za kaunti, kwa mwendo usiozidi maili 25 kwa saa, ambazo ni sawa na kilomita 40. Kilichonivutia katika mfano huo ni kwamba uamuzi ulishushwa kwa mamlaka za karibu na wananchi, ambazo zinajua ni barabara ipi ina malori na ipi ina mbuzi. Halmashauri zetu za wilaya nazo zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Zinachokosa ni kanuni ya juu ya kuzishikilia.

Mifano iliyo karibu zaidi na hali yetu, hata hivyo, haiko Ulaya wala Marekani bali Asia, ambako pawatila ilizoeleka mashambani miaka mingi kabla yetu. Sri Lanka wana daraja maalumu la leseni, G1, kwa ajili ya trekta la mkono lenye tela. Hawakumlazimisha mkulima kujifunza gari asilonalo wala hawakumwacha aendeshe bila kupimwa. China, katika sheria ya usalama barabarani iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2004, kifungu cha 55, ilipiga marufuku matrekta katika barabara za mwendo kasi na katika barabara za katikati ya miji mikubwa na ya kati, ikayaruhusu kubeba mizigo katika barabara yanakoruhusiwa kupita, na ikakataza moja kwa moja yasibebe abiria. Nchi hizo mbili hazifanani kwa siasa wala kwa ukubwa, lakini zote zimekubali kwamba mashine ipo, kisha zikaipangia mahali pake.

Ningeomba sisi nasi tuipangie hivi. Barabara zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambazo ndizo za kutoka mashambani hadi vijijini na masokoni, ziwe wazi kwa pawatila iliyosajiliwa, kuanzia kunapopambazuka hadi jua linapozama, isipokuwa pale halmashauri itakapoweka kizuizi kwa sababu ya mteremko au msongamano. Barabara kuu zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara za kitaifa, ziwe marufuku kwa mwendo wa kuandamana nazo, ila ruhusa itolewe ya kuzivuka katika vivuko vilivyochaguliwa na kuwekewa alama, na ya kupita pembeni, nje ya mstari wa lami, kwa vipande vifupi vinavyounganisha kivuko na mashine ya kukoboa.

Kwenye vivuko niruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu watakapopona au watakapokufa. Pawatila na tela lake kwa pamoja zina urefu wa kama mita tano, na lami ya njia mbili ina upana wa karibu mita saba. Mwendeshaji anayevuka na mzigo kwa gia ndogo, tuseme kilomita tano kwa saa, anahitaji takriban sekunde tisa mpaka ncha ya nyuma ya tela iondoke njiani. Katika sekunde hizo lori la kilomita 80 kwa saa limesafiri karibu mita 200. Maana yake ni kwamba kivuko chochote ambacho mtu hawezi kuona barabara kwa zaidi ya mita 200 pande zote mbili si kivuko, ni mtego, na baadhi ya njia tunazovukia sasa ziko kwenye kona au nyuma ya vibanda vya biashara. Wahandisi wa TANROADS wanaweza kuzipima kwa siku chache, wakaziba zisizofaa na kuweka vibao na matuta ya kupunguza mwendo kwa zile zitakazobaki. Ingekuwa vizuri pia, upanuzi wa barabara hii unapoendelea kupangwa, njia ya vyombo vya mwendo mdogo iwekwe kwenye michoro tangu mwanzo katika maeneo ya mpunga, kuliko kuja kuitafutia nafasi baada ya nyumba kujengwa.

Kuhusu abiria, hapa nitawaudhi majirani zangu. Wakati wa kupandikiza na wa kuvuna, vibarua hupanda tela kumi au kumi na tano, akina mama na watoto mgongoni, wakikaa juu ya magunia au kwenye ukingo wa bodi. Ni usafiri wa bure, na mwenye shamba hujiona amewasaidia. Tela halina viti, halina mahali pa kushika, na likipinduka linamwaga watu kwanza kisha mzigo juu yao. Nimeombwa na wenzangu niombe ruhusa ya abiria wachache. Sikuona namna ya kuiandika ruhusa hiyo ambayo haitageuzwa kuwa daladala kabla ya wiki kuisha. Kanuni iseme dereva na utingo mmoja, basi, na utingo huyo awe na kiti na ndiye atakayeshuka kuangalia barabara kabla ya kuvuka. Vibarua watembee au wapande bajaji, na mwenye shamba alipe nauli.

Leseni iwe daraja dogo la pekee, kwa mtu aliyetimiza miaka 18, linalopatikana kwa mafunzo ya siku chache na mtihani wa vitendo unaojumuisha kushuka mteremko na tela lenye mzigo. Mahali pa kufundishia pasitutafutishe mbali. Hapa Igurusi kuna chuo cha kilimo cha MATI ambacho kinajua mashine hizi na kinajua wakulima, na VETA wana vyuo mikoani. Leseni ya pikipiki isikubaliwe kuwa mbadala, maana hakuna pikipiki inayogeuka kulia unapoiambia kushoto.

Vifaa vya lazima visizidi uwezo wa mkulima, na kwa bahati vile vinavyookoa maisha si ghali. Stika za kuakisi mwanga pembezoni na nyuma ya tela, kama zilizopo kwenye malori. Taa nyekundu nyuma hata kama safari ni ya mchana, kwa ajili ya vumbi na ukungu. Ile pembetatu ya rangi ya chungwa yenye ukingo mwekundu ambayo Marekani na Kanada hubandikwa nyuma ya kila chombo cha mwendo mdogo, ambayo fundi yeyote anaweza kuikata kwa bati. Na breki ya mguu kwenye magurudumu yote mawili ya tela. Kiwango cha tela na mzigo wake kiandaliwe na TBS, shirika la viwango, pamoja na CAMARTEC wa Arusha, ambao kazi yao ni zana za kilimo, ili fundi wa Chimala apewe mchoro wa kufuata badala ya kupewa faini kwa tela ambalo hakuna aliyewahi kumwambia liweje.

Jambo la ada nitalipita haraka, ila lisisahauliwe. Katika mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye ushuru wa mafuta. Mkulima hulipa ushuru huo na tozo ya Mfuko wa Barabara katika kila lita ya dizeli, ikiwamo ile inayoungua katikati ya tope la jaruba ambako hakuna barabara yoyote. Kwa hiyo usajili wa pawatila uwe wa mara moja na gharama yake isizidi sana ile ya kutengeneza kibao cha namba, na bima ya mtu wa tatu ikokotolewe kwa mwendo na umbali halisi wa chombo hiki, si kwa kiwango cha lori. Usajili ukiwa ghali, pawatila zitarudi kupita usiku, na usiku ndiko tunakotaka kuziondoa.

Mheshimiwa Waziri, njia hii Serikali imekwisha kuipita. Bodaboda na bajaji zilibeba abiria kabla ya kanuni, zikaitwa kero, zikakimbizwa mitaani, hatimaye mwaka 2010 zikatungiwa kanuni za leseni za usafirishaji, na leo hakuna anayeuliza kama ni halali. Tunauliza tu kama dereva amevaa kofia. Kanuni hizo hazikumaliza ajali, na sitakudanganya kwamba hizi zitamaliza. Zilichofanya ni kumpa askari kitu cha kukagua na dereva kitu cha kupoteza. Mwenye pawatila leo hana leseni ya kunyang'anywa wala namba ya kuandikwa, na kwa sababu hiyo onyo la askari humwingia sikio hili na kutokea lile.

Mamlaka ya kutunga kanuni unayo chini ya Sheria yenyewe, bila kusubiri mswada bungeni. Ninaomba rasimu iandaliwe kwa kushirikiana na Wizara ya Kilimo, itangazwe, na iletwe kujadiliwa hadharani katika wilaya za mpunga, kwa kuanzia hapa Mbarali, kisha kitolewe kipindi cha mpito cha msimu mmoja wa kilimo ambacho askari wataelimisha na kukagua bila kutoza faini, huku mafundi wakirekebisha matela. Marufuku ya mwendo wa usiku na ya abiria isingojee kipindi hicho. Ianze siku kanuni itakapotangazwa. Mavuno ya bonde hili huanza mwezi Mei, na itatufaa kama maofisa wako watafika Igurusi na rasimu mkononi kabla ya hapo, wakati barabara bado hazijajaa matela na wakulima wana nafasi ya kukaa mkutanoni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa mpunga,
Igurusi, Wilaya ya Mbarali.

Nakala:
Waziri wa Kilimo
Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani
Mtendaji Mkuu, TARURA
Mtendaji Mkuu, TANROADS
Mkuu wa Mkoa wa Mbeya
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali